Usimnyoe mbwa wako, mchane

Mwezi mmoja wa Januari, joto likiwa limekaza, niliteremka kutoka Kitale hadi Bungoma kumjulia hali dada yangu mkubwa anayeishi karibu na Kanduyi. Nilipofungua lango nililakiwa na mnyama ambaye kwa muda sikumtambua. Alikuwa mbwa, hilo lilikuwa dhahiri, lakini mbwa wa namna gani? Kiwiliwili kilikuwa kitupu mithili ya kuku aliyenyonyolewa, kichwa kimebaki na manyoya yake yote, na mkia umeachiwa kishada mwishoni kama wa simba. Ngozi ya mgongo ilikuwa nyekundu, imefanya magamba, na hapa na pale palikuwa na vidonda alivyojikwaruza mwenyewe. Aliponinusa na kuanza kutikisa mkia ndipo nilipojua kwamba ni Bosko, mbwa niliyempelekea dada kwa mkono wangu miaka miwili nyuma akiwa kijibwa cha miezi miwili.

"Nilimwonea huruma, ndugu yangu," dada alinieleza tulipoketi barazani. "Huku si kwenu Kitale mnakolala na blanketi mbili. Alikuwa akihema mchana kutwa, ulimi nje. Shemeji yako akamwita yule kijana kinyozi, akaja na mashine yake."

Kinyozi alilipwa, tena akaongezwa kidogo kwa ujasiri wake. Majirani walisifu kazi. Juma la pili ngozi ikaanza kuungua kwa jua, juma la tatu vidonda vikatokea.

Nilitaka kumlaumu dada yangu, lakini ulimi ukawa mzito, kwa sababu mimi nami nilikuwa na kesi yangu. Bosko ana ndugu yake wa tumbo moja aliyebaki kwangu Kitale, jina lake Simba. Mama yao ni mbwa aina ya German Shepherd mwenye manyoya marefu. Huyo Simba mimi sikumnyoa. Sikumfanya lolote! Msimu wa mvua uliotangulia, mwezi wa Mei, alianza kutoa harufu ambayo tuliidhania kuwa ya tope. Watoto wakawa wanamkimbia. Siku nilipojitia moyo nikamgeuza, nilikuta nyuma ya mapaja yake manyoya yameshikana yakawa kama kipande cha mkeka kuukuu, na chini ya mkeka huo mabuu ya nzi yanatambaa ndani ya nyama hai. Daktari wa mifugo niliyemwita alifanya kazi karibu saa mbili. Alipomaliza hakunilaumu kwa neno hata moja, na hilo liliniuma kuliko kama angenitukana.

Basi hao ndio mbwa wawili, ndugu, mmoja amenyolewa kwa huruma na mwingine ameachwa kwa uzembe, na wote wawili wakaishia kuwa wagonjwa wa ngozi. Nadhani katika miji yetu mbwa wengi wenye manyoya mengi wamo katika mojawapo ya hali hizi mbili. Lililo katikati, yaani kumchana mbwa nyumbani mara mbili au tatu kwa juma, wengi huliona kuwa ni anasa ya matajiri wa Nairobi. Mimi nasema ni jambo la afya ya mbwa na ya nyumba nzima, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza tuelewe hayo manyoya yenyewe. Mbwa hawa wamevaa nguo mbili. Juu kuna manyoya marefu, magumu kiasi, yanayoteleza, ambayo kazi yake ni kumwaga maji ya mvua na kuzuia jua. Chini yake, ukipenua kwa vidole, kuna sufu laini iliyosongamana ambayo hushika hewa karibu na ngozi. Watu hufikiri kwamba sufu hiyo ni ya kuleta joto tu, kama sweta. Sivyo. Msomaji wa Bungoma anaijua tofauti kati ya nyumba iliyoezekwa kwa nyasi na nyumba ya mabati. Saa nane mchana ingia katika ile ya nyasi, utapumzika; ingia katika ile ya mabati isiyo na dari, utatoka mbio. Nyasi hizo hizo zinazokupa joto usiku ndizo zinazozuia jua mchana. Manyoya ya mbwa hufanya kazi namna hiyo. Kinyozi wa dada yangu aliondoa nyasi, akamwacha Bosko bila hata mabati.

Isitoshe, mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi. Ana tezi chache za jasho kwenye nyayo, basi. Joto lake hulitoa kwa kuhema. Ukimwona anahema mchana wa Januari usidhani anakuomba umvue nguo. Anaomba kivuli na maji. Mbwa aliyefungwa kwa mnyororo kwenye nguzo ya lango bila kivuli atazidiwa na joto awe na manyoya au asiwe nayo.

Tena manyoya yaliyonyolewa hayarudi kila mara kama yalivyokuwa. Kwa mbwa wa nguo mbili, sufu ya chini inaweza kutangulia kukua na manyoya ya juu yakachelewa, au yakarudi kwa mabaka, au pahali fulani yasirudi kwa muda mrefu. Hali hii madaktari wanaijua vizuri. Daktari mwenyewe hunyoa pale anapotaka kushona jeraha, kufanya upasuaji, au kuondoa uozo kama ule wa Simba, na ni sawa. Vilevile kuna mbwa wa aina nyingine, kama Poodle na Maltese, ambao manyoya yao hukua bila kukoma kama nywele za binadamu. Hao hawana budi kupunguzwa kwa makasi. Lakini mbwa wa German Shepherd, yule Spitz mweupe anayependwa sana mijini siku hizi, Chow Chow, na machotara wao wengi tulio nao, hawataki mashine. Wanataka brashi.

Katika nchi zenye majira ya baridi na joto, mbwa hupukutisha sufu yake kwa wingi mara mbili kwa mwaka, mchana unaporefuka na unapofupika. Kitale iko digrii moja hivi kaskazini mwa Ikweta. Kwetu mchana haurefuki wala haufupiki kwa kiasi cha kumshtua mbwa. Kwa hiyo mbwa wetu hupukutisha kidogo kidogo mwaka mzima, na ile sufu iliyokufa isipotolewa hubaki papo hapo, ikanaswa na iliyo hai. Ikilowa mvua, ikakauka, ikalowa tena, inasokotana na kuwa vifundo. Hewa haipiti tena. Ngozi iliyo chini inabaki na unyevu, inachubuka, inatoa maji, na nzi anapata pahali pa kutagia. Mabuu ya Simba yalifika hivyo.

Na tukiwa hapo kwenye nzi, kuna yule mwingine ambaye mabuu yake hupenya ngozi nzima isiyo na jeraha, akafanya jipu lenye tundu dogo juu. Nzi huyu hutaga kwenye mchanga wenye mkojo na kwenye nguo zilizoanikwa zikiwa mbichi, ndiyo maana mama zetu walitufundisha kupiga pasi hata nguo za ndani. Mbwa hapigwi pasi. Analala juu ya gunia bichi lenye mkojo wake mwenyewe, na majipu hayo utayakuta tumboni na miguuni ikiwa una desturi ya kumpapasa. Usipompapasa hutayaona, kwa sababu manyoya mengi huficha kila kitu.

Sasa twende kwenye kazi yenyewe. Huhitaji chumba maalumu wala meza ya pekee. Mimi hutandika gunia safi nyuma ya nyumba, jioni jua likipoa, mbwa akiwa amekwisha kutembezwa na kuchoka kidogo. Nina vifaa vitatu: brashi yenye sindano nyembamba zilizopindwa, chanuo la chuma lenye meno mapana, na makasi yenye ncha butu. Chanuo nililipata sokoni Kitale kwenye lundo la mitumba, brashi kwenye duka la dawa za mifugo. Hata chanuo la mbao la kuchania nywele za afro linafaa kuanzia, mradi meno yake ni imara na hayana ncha kali.

Kosa ambalo karibu kila mtu hulifanya ni kupiga brashi juu juu. Mbwa anang'aa, mwenyewe unafurahi, kumbe chini sufu imeshikana kama kawaida. Dawa yake ni kumchana kwa mistari. Mlaze ubavu. Anzia chini kwenye mguu wa nyuma. Kwa mkono wa kushoto penua manyoya uyainue juu mpaka uone mstari wa ngozi, kisha kwa mkono wa kulia teremsha manyoya machache tu, kutoka kwenye ngozi kwenda nje, taratibu. Sogea kidole kimoja juu, ufungue mstari mwingine. Ndivyo unavyopanda mpaka mgongoni, halafu unamgeuza upande wa pili. Sindano zisiikwaruze ngozi. Jaribu brashi kwanza kwenye mkono wako mwenyewe, na kama inakuumiza wewe, inamuumiza yeye pia. Ukimaliza kwa brashi pitisha chanuo. Likipita toka shinani hadi ncha bila kukwama, pahali hapo pamekwisha.

Mara ya kwanza Simba alinichukua jioni tatu. Siku hizi ni dakika ishirini. Usijaribu kummaliza mbwa aliyeachwa mwaka mzima kwa siku moja. Atachoka, ataumia, na siku ya pili akiiona brashi atajificha chini ya gari. Mpe kipande cha mkate au cha ini lililopikwa wakati unamchana, na uache kabla hajakasirika. Mwenye kijibwa ana bahati: amzoeze kushikwa miguu, masikio na mkia tangu akiwa mdogo, hata kama hakuna cha kuchana.

Vifundo hupenda pahali maalumu. Nyuma ya masikio, kwapani, nyuma ya mapaja, chini ya mkia, na chini ya ukanda wa shingo. Hapo pa shingo naomba msomaji atilie maanani. Nimemwona mbwa wa lindo ambaye mnyororo aliovishwa akiwa mdogo ulikuwa umezama ndani ya nyama, na mwenyewe hakujua kwa sababu manyoya yalikuwa yameufunika. Vua ukanda kila unapomchana, tazama, kisha mvishe tena ukiwa umelegea kiasi cha kupitisha vidole viwili.

Kifundo kidogo hufunguliwa kwa vidole. Nyunyiza unga kidogo wa wanga wa mahindi ili kiteleze, kipasue kwa vidole kwenda kwenye ncha, halafu tumia jino la mwisho la chanuo kukichokoa, ukianzia nje wala si kwenye ngozi. Kisipokubali, kikate. Lakini hapa ndipo watu wengi hukata ngozi, kwa sababu ukikivuta kifundo ngozi nayo huinuka ndani yake, na ngozi ya mbwa ni nyembamba. Pitisha chanuo kati ya kifundo na ngozi kwanza, kisha kata juu ya chanuo. Kama hakuna nafasi ya kupitisha chanuo, hiyo si kazi yako tena. Mwite daktari.

Na usimwoshe mbwa mwenye vifundo ukidhani maji yatavilegeza. Maji huvikaza. Chana kwanza, ndipo uoshe.

Juu ya kuosha sina mengi. Mara moja kwa mwezi mmoja au miwili yatosha kwa mbwa ambaye hajajigaragaza kwenye uchafu. Kumwosha kila juma humwondolea mafuta yanayolinda ngozi na manyoya. Sabuni za kipande tunazofulia, sabuni ya unga na ile ya kuoshea vyombo ni kali mno kwake, na hata shampuu zetu wenyewe zimetengenezwa kwa ngozi yenye tindikali zaidi kuliko yake. Ipo shampuu ya mbwa katika maduka ya dawa za mifugo. Tumia hiyo, na uichanganye na maji kwenye kopo kabla ya kumpaka, la sivyo itabaki juu ya manyoya bila kufika chini. Kusuuza kuchukue muda mrefu kuliko kupaka, kwa sababu sabuni inayobaki ndani ya sufu huleta mwasho. Huku kwetu Trans Nzoia mvua hupenda kunyesha alasiri, basi mimi humwosha Simba asubuhi, jua likishatoka. Taulo kuukuu mbili: bana maji, usisugue kwa kuzungusha, maana utatengeneza vifundo vipya. Kisha mchane akiwa anaelekea kukauka, na usimfunge kibandani mpaka sufu ya chini iwe kavu. Mbwa aliyelala na sufu mbichi huweza kuamka na kidonda kinachochuruzika maji, kikubwa kama kiganja.

Nimefika kwenye kupe, na hapa ndipo ninapogombana na majirani zangu.

Eneo letu ni la ng'ombe wa maziwa. Kila boma lina dawa ya kuogeshea mifugo, iwe ya josho au ya kupuliza kwa bomba. Mbwa akionekana na kupe, mtu huchota ile iliyobaki baada ya ng'ombe, akammwagia. Wengine humpaka mafuta machafu ya injini wakidai yanatibu upele, wengine mafuta ya taa. Ajabu ni kwamba watu hao hao hawawezi kuthubutu kumpa mtoto wao dawa ya ng'ombe. Dawa hizi zimepimwa kwa ngozi, uzito na tabia ya ng'ombe. Mbwa hujiramba. Mbwa mwenye manyoya mengi huishika ile dawa ndani ya sufu kama sifongo, ikakaa juu ya ngozi kwa siku nyingi huku akiiramba usiku kucha. Zile za jamii ya amitrazi, zikizidi kipimo, humlevya, moyo ukapiga polepole, akalala asiamke chakula kikiletwa. Zile za jamii ya oganofosfeti humtoa mate, akatetemeka, akaishiwa nguvu, na wengine hufa. Na yule aliyemwosha kwa mikono mitupu, pamoja na mtoto aliyemkumbatia jioni ile, nao wamepata sehemu yao.

Sindano ya aivamektini ya ng'ombe nayo ni hatari ya namna yake. Kuna mbwa, hasa Collie na jamaa zake wachungaji, na hata baadhi ya German Shepherd, wenye kasoro ya urithi inayoiruhusu dawa hiyo kuingia kwenye ubongo. Kasoro hiyo iligunduliwa mwaka wa 2001. Kipimo anachokistahimili mbwa wa kwetu wa kawaida chaweza kumwangusha mbwa wa namna hiyo. Huwezi kujua kwa kumtazama, na muuza duka naye hajui. Na kwa wenye paka: baadhi ya dawa za kupe za mbwa zina pamethrini, ambayo ni sumu kali kwa paka. Usimpake mbwa dawa hiyo halafu umwache alale na paka.

Sisemi watu wasitumie dawa. Zipo zilizotengenezwa kwa ajili ya mbwa, za matone, za vidonge na za ukanda, na huuzwa kwa uzito wa mbwa. Nasema kwamba brashi hupunguza haja ya dawa. Unapofungua mistari kama nilivyoeleza, kupe unamwona akiwa bado mdogo. Mshike kwa kibanio karibu kabisa na ngozi, mvute moja kwa moja bila kumsokota, mtumbukize ndani ya kikopo chenye spiriti. Usimchome kwa kiberiti, usimpasue kwa kucha. Tafuta ndani ya masikio, baina ya vidole vya miguu, na chini ya mkia.

Kupe wa mbwa, yule wa rangi ya kahawia, ana tabia ambayo kupe wengi wa ng'ombe hawana. Anaweza kumaliza maisha yake yote ndani ya nyumba. Jike akishiba damu hudondoka, akapanda ukutani, akaingia kwenye ufa au nyuma ya picha, akataga maelfu ya mayai. Kwa mbwa huleta ugonjwa wa kutokwa na damu puani na ule wa mkojo mwekundu mithili ya chai ya rangi. Kwa binadamu kupe wanaweza kuleta homa yenye kuumwa na kichwa na vipele, ambayo wengi tungeiita malaria na kumeza dawa isiyohusika. Kiroboto naye hubeba tegu wa mbwa. Mtoto akimmeza kiroboto kwa bahati mbaya wakati wa mchezo, amejipatia tegu.

Lakini lililonifanya nibadili mwenendo kwangu si kupe. Barabara ipitayo Kitale huendelea hadi Lodwar, na Waturkana kwa miongo mingi wamekuwa miongoni mwa watu walioathirika zaidi duniani na ugonjwa wa hidatidi, yaani uvimbe wa maji kwenye ini na mapafu unaotokana na mnyoo mdogo wa mbwa. Shirika la AMREF lilianza kampeni ya kupambana nao huko kaskazini magharibi mwa Turkana mwaka wa 1983. Mnyoo huo mbwa huupata kwa kula matumbo, ini na mapafu mabichi ya mbuzi, kondoo, ng'ombe au ngamia mwenye uvimbe huo. Mayai yake hutoka na choo cha mbwa na kushika kwenye manyoya, hasa nyuma. Mbwa mwenye manyoya mafupi hubeba machache. Mbwa mwenye mkeka wa vifundo chini ya mkia hubeba ghala. Mtoto humpapasa, kisha anakula embe. Uvimbe unaweza kuchukua miaka mingi kabla ya kujulikana, na hapo tiba yake mara nyingi ni upasuaji. Mabaki ya kichinjio tunayowatupia mbwa wetu mijini ni yale yale. Yachemshe sawasawa, au usiwape.

Kwa ajili hiyo mchane mbwa nje, mbali na sufuria. Vaa glavu kama unazo. Manyoya yaliyotoka usiyaache yapeperuke, yachome au yafukie. Mpe dawa ya minyoo kila baada ya miezi mitatu hivi, ukihakikisha ni ile inayoua tegu pia. Nawa mikono kwa sabuni na uwaamuru watoto wanawe.

Na kabla ya yote hayo awe amechanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa, kila mwaka. Mpango wa taifa uliozinduliwa mwaka wa 2014 ulilenga kukomesha vifo vya binadamu kutokana na kichaa cha mbwa humu nchini kufikia mwaka wa 2030, na karibu vifo vyote vya namna hiyo duniani hutokana na kuumwa na mbwa. Kumchana ni kumshika, na kumshika kuna siku utaumwa, hata na mbwa mpole uliyemvuta kifundo. Jeraha lioshwe kwa maji mengi na sabuni kwa dakika kumi na tano, halafu hospitali siku hiyo hiyo.

Najua watakaosema, watu hawana karo na wewe unahubiri nywele za mbwa. Wengine, hasa katika familia za Kiislamu za Bungoma mjini, watanikumbusha ule usemi kwamba ukicheza na mbwa utaingia naye msikitini. Nawaheshimu, na pengine ndiyo sababu Kiswahili chetu kina maneno mengi ya ng'ombe na mashua kuliko ya manyoya ya mbwa. Nimelazimika kutunga baadhi hapa. Lakini sijamwambia mtu afuge mbwa. Namwambia yule ambaye tayari anaye, amefungwa langoni, watoto wanamkumbatia kila siku watokapo shuleni.

Lawama yangu kubwa iko kwa wauzaji. Vijibwa vya Spitz huuzwa vikiwa vyeupe kama pamba na mnunuzi haambiwi neno juu ya brashi. German Shepherd alitengenezwa Ujerumani mwishoni mwa karne ya kumi na tisa kwa ajili ya kuchunga kondoo kutwa nzima katika nchi ya baridi. Kama huna jioni mbili kwa juma za kumtunza, mwache. Chukua mbwa wetu wa kawaida mwenye manyoya mafupi, ambaye atabweka vilevile na mwizi hatamwuliza ukoo. Nazo kaunti zetu mbili zina wataalamu wa mifugo wanaolijua titi la ng'ombe kama mfuko wa shati lao. Siku za kuchanja mbwa zikifika, hawashindwi kutenga nusu saa waonyeshe watu namna ya kushika chanuo.

Bosko alichukua zaidi ya mwaka mmoja kupata nguo yake, na katikati ya mgongo bado ana baka ambalo manyoya marefu hayajaota. Dada alimjengea kivuli cha makuti ya migomba kando ya tangi la maji na kumwekea karai la maji, na kuhema kumepungua. Brashi anayo, nilimpelekea mwenyewe. Kila nikimpigia simu huwa ananiambia shemeji ndiye anayemchana siku hizi, Jumapili baada ya kanisa, na kwamba yule kijana kinyozi huwa anapita langoni akitazama pembeni.